Weyler, gavana wa Kihispania: ndiye baba wa kambi za kukusanya raia, au anabebeshwa mzigo peke yake?

#1 Baharia wa Chumbageni

Salaam wakuu.

Mwezi uliopita meli yetu ilifunga gati Santa Cruz de Tenerife, visiwa vya Kanari, kujaza mafuta. Tukapewa saa 5 za kushuka. Nikapandisha na mtaa wa maduka mpaka juu, nikatokea kwenye uwanja mdogo wenye chemchemi ya marumaru nyeupe katikati na jengo refu la jeshi kwa mbele. Nikakaa, nikaagiza kahawa yao inayoitwa barraquito. Inaletwa kwenye glasi: maziwa matamu ya kopo yametulia chini, kahawa juu yake, halafu povu na mdalasini. Kibao kinasema Plaza Weyler. Nikapiga picha ya glasi, kibao kikaingia kwa nyuma.

Jioni nikamwonyesha mpishi wetu, Mfilipino mtu mzima, mcheshi kupita kiasi. Akaitazama ile picha, kicheko kikakatika. Akasema huyo ndiye aliyewatoa ndugu zake Rizal kwenye nyumba zao, kwao wanasomeshwa hayo shuleni. Mimi Rizal sikumjua, Weyler sikumjua.

Tangu siku hiyo nikiwa zamu ya usiku nasoma. Jina kamili Valeriano Weyler y Nicolau, kazaliwa Palma de Mallorca 1838, baba yake daktari wa jeshi mwenye asili ya Kijerumani. Gavana Mkuu wa Ufilipino 1888 hadi 1891, kisha wa Cuba 1896 hadi 1897. Huko Cuba ndiko alikowaamuru wakulima wote wahame mashamba waingie kwenye miji yenye askari, wakafa kwa njaa na maradhi kwa maelfu. Magazeti ya Marekani yakambatiza Mchinjaji.

Sasa hoja yangu: naona huyu ndiye aliyebuni kambi za kukusanya raia. Waingereza wakaiga Afrika Kusini, Wajerumani wakaiga Namibia, mpaka ikatufikia Kenya. Niko sawa au nimepotea? Mnaojua tiririkeni.

#2 Pweza Mkavu

Naweka kambi hapa.

#3 binti_mwera

Mkuu #2 kwenye uzi huu ungechagua neno lingine.

#4 Mwalimu wa Zamu

Baharia umeanza vizuri, ila umemrukisha mtu miaka 25. Huwezi kuielewa Cuba ya 1896 kama hujui alikotoka.

1863 Wahispania wanapigana Santo Domingo (Jamhuri ya Dominika ya leo), nchi waliyojirudishia kisha ikawaka moto. Weyler yuko huko, kijana wa miaka 25, anapata Msalaba wa San Fernando, nishani kubwa kuliko zote za ushujaa kwao. 1868 Cuba inalipuka, vita ya miaka 10. Anapigana chini ya jenerali mmoja aitwaye Conde de Valmaseda. Huyo Valmaseda, Aprili 1869, alitoa tangazo Bayamo: mwanamume yeyote aliyezidi miaka 15 akikutwa nje ya shamba lake bila sababu, anapigwa risasi. Wanawake wasiokuwa majumbani mwao wapelekwe Jiguaní au Bayamo.

Soma tena sentensi ya mwisho. Hapo ni miaka 27 kabla ya Weyler kutoa amri yake. Mwanafunzi alikuwa amekaa darasani anamwangalia mwalimu.

Baada ya hapo akarudi Hispania kupigana na Wakarlisti, waasi waliotaka mfalme wao mwingine, 1878 akapelekwa Kanari kama Kapteni Jenerali. Hilo jengo la jeshi uliloliona ndilo alilolijenga yeye. Umekunywa kahawa kibarazani kwake.

#5 Baharia wa Chumbageni

Duh. Asante mwalimu. Kumbe nilikuwa mgeni wake.

#6 Kanali Mstaafu wa Keyboard

Mwalimu hapo kwa Valmaseda sikupingi, lakini umeacha chanzo kikubwa. Weyler alikuwa Washington kwenye ubalozi wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Akamwona Jenerali Sherman anavyochoma Georgia, akampenda. Mbinu ni ya Kimarekani hiyo, halafu Wamarekani haohao wakaja kumwita mchinjaji.

#7 Mwalimu wa Zamu

Hiyo hadithi ya Washington imesambaa sana, tatizo tarehe zinagoma. Sherman kaanza safari yake kuelekea baharini Novemba 1864. Wakati huo Weyler yuko vichakani Santo Domingo, na vita hiyo imekwisha 1865. Atakuwaje sehemu mbili? Kwamba alimsoma Sherman baadaye, hilo ni jambo jingine. Mwanajeshi gani wa zama zile hakumsoma?

#8 Kanali Mstaafu wa Keyboard

Kwa hiyo unakubali alimsoma.

#9 Mwalimu wa Zamu

Nakubali alijua kusoma.

#10 binti_mwera

😂😂 Kanali pumzika kwanza.

Mimi nimevutiwa na huyo mpishi. Rizal ni José Rizal, daktari wa macho na mwandishi, shujaa wao namba moja. Familia yake ilipanga ardhi kule Calamba, ardhi ya mapadri wa Kidominiko. Wapangaji wakagoma kulipa kodi waliyoona si ya haki, kesi ikaenda mahakamani wakashindwa, na Weyler ndiye gavana. Akapeleka askari. Watu wakatolewa kwenye nyumba, na baadhi wakahamishiwa visiwa vya mbali. Hiyo ni 1890 na 1891. Kwa hiyo habari ya kuwahamisha watu kwa bunduki hakuianzia Cuba.

Ila kuna upande mwingine. Desemba 1888, gavana mgeni kabisa, alitembelea mji wa Malolos. Wasichana 20 wa mji wakamkabidhi barua kanisani: tunaomba shule ya usiku tusome Kihispania. Padri wa pale hakutaka hata kusikia. Wale wadada hawakukata tamaa, wakasukuma mpaka Februari 1889 wakaruhusiwa, kwa masharti: mchana badala ya usiku, mwalimu wa kike, na gharama juu yao. Rizal akiwa London akawaandikia barua ndefu kwa Kitagalogi kuwapongeza. Shule ilidumu miezi michache tu, lakini barua inasomwa mpaka leo.

#11 Pweza Mkavu

Kwa hiyo alikuwa mpenda maendeleo 😏

#12 binti_mwera

Aliruhusu shule ambayo serikali haitoi hata senti. Hapo ukimsifu, basi umsifu na mwenye nyumba anayekuruhusu uzibe paa lake linalovuja.

#13 Mzee wa Faili

Nimefanya kazi za ofisi miaka mingi kwa hiyo mimi nimeona kitu kimoja hapa: uhamisho. Hebu angalieni. Weyler anatoka Ufilipino anapelekwa Barcelona, halafu Cuba. Polavieja alikuwa gavana Cuba, baadaye akaenda Ufilipino, na ndiye aliyekuwa gavana pale Rizal alipopigwa risasi 30 Desemba 1896. Ramón Blanco alikuwa Ufilipino, akaja kumpokea Weyler ofisi Cuba 1897. Watu walewale, viti vilevile, wanazungushwa kama wakuu wa wilaya. Aliyeharibu huku anapelekwa kule na barua ya pongezi.

Na mkasa mwingine: katikati ya 1896 Rizal yuko kifungoni uhamishoni Mindanao, akaomba aende Cuba kuwa daktari wa jeshi. Akakubaliwa! Kule Cuba gavana ni nani? Weyler, yuleyule wa Calamba. Akapanda meli, kabla hajafika wakamkamata, Barcelona, jela, akarudishwa Manila kuuawa. Sijui wangeonana wangesemezana nini.

#14 Baharia wa Chumbageni

Mzee wa Faili hii ya kuomba kwenda Cuba nimempelekea mpishi sasa hivi jikoni. Anasema anaijua, anashangaa nyie mmeijuaje.

#15 Mtu wa Othaya

Habari zenu kutoka Kenya. Mimi sina mengi kuhusu Spain lakini hiyo kitu Baharia amesema ya Kenya, wacha nieleze nilivyoambiwa nyumbani.

Shosho wangu alikuwa msichana wa miaka kama 12 mwaka wa 1954, wakati wa Emajensi, ile vita ya Mau Mau. Homugadi, wenyeji waliokuwa upande wa Waingereza, walikuja asubuhi, wakaambiwa toeni vitu, na kabla mbuzi watoke wote nyumba ilikuwa tayari inawaka. Wakapelekwa kijiji kipya. Wanawake ndio walichimba handaki kuzunguka kijiji, kina chake mtu mzima akisimama ndani haonekani, na chini wakapanda miti imechongwa ncha. Yeye kazi yake ilikuwa kubeba mchanga kwa karai. Shamba lilikuwa linaonekana ng'ambo ya mto lakini kwenda huko ni saa chache tu kwa siku na askari. Mpaka alipofariki, chakula kikibaki kwa sahani alikuwa anakifunga kwa karatasi anaweka chini ya mto wa kulalia.

Watu zaidi ya milioni moja waliwekwa kwa hivyo vijiji, vilikuwa zaidi ya 800. Sasa mkiniuliza kama ni Weyler ndiye alianzisha, mimi naona ni mambo moja tu.

#16 Mwalimu wa Zamu

Pole sana ndugu, na asante. Apumzike shosho.

Nyongeza kidogo: kwa Kenya, Waingereza walitoka na mbinu moja kwa moja Malaya (Malaysia ya leo), ambako kuanzia 1950 walihamisha wakulima wa Kichina kama nusu milioni kuwatenga na wapiganaji wa msituni. Ukirudi nyuma zaidi kuna vita ya Makaburu 1899 hadi 1902, ambako kamanda wa Waingereza, Lord Kitchener, alikusanya wanawake na watoto. Makaburu kama 28,000 walikufa kambini, wengi watoto, na Waafrika waliowekwa kambi zao tofauti walikufa si chini ya 14,000, wanaotajwa kwa nadra. Wakati huo jina la Cuba lilikuwa bado la moto magazetini.

#17 mtoto wa songea

Na Majimaji je? 1905 hadi 1907 Mjerumani alichoma maghala na mashamba kwetu mpaka watu wakala mizizi. Hamuitaji.

#18 dada_takwimu

Songea, ile ilikuwa njaa kama silaha, lakini hawakukusanya watu sehemu moja. Weyler alifanya vyote viwili: akawatoa watu shambani NA akachoma shamba. Tusichanganye mambo kwa sababu yote yanauma.

#19 Pweza Mkavu

Operesheni Vijiji 1974 je? Nauliza tu.

#20 Mzee wa Faili

Ulijua unachokifanya. Kahamishwa bibi yangu kwa lori, nyumba ya zamani ikavunjwa, ndiyo, na alilalamika mpaka mwisho. Lakini hakuna aliyemwambia akirudi shambani ni mwasi na atapigwa risasi. Fungua uzi wako tutakuja huko, huu usiuhamishe.

#21 Pweza Mkavu

Umesema usiuhamishe 😂 haya nimenyoosha mikono.

#22 Mwalimu wa Zamu

Turudi Cuba, kwa sababu naona wengi wanadhani alijenga kambi zenye uzio katikati ya pori. Haikuwa hivyo. Amri ya 21 Oktoba 1896 kwa mkoa wa Pinar del Río ilisema hivi kwa ufupi. Mtu yeyote anayeishi shambani au nje ya mstari wa ngome ana siku 8 kuingia kwenye mji wenye askari. Atakayekutwa nje baada ya hapo anahesabiwa mwasi. Kutoa chakula mjini kwenda nje bila kibali cha jeshi, marufuku. Wenye ng'ombe wawalete mjini.

Siku 8. Hesabu mwenyewe, mahindi hayajakomaa, una wazee, una mtoto mchanga. Unafika mjini unalala kwenye ghala bovu au kibanda cha makuti ulichojijengea karibu na handaki. Kinadharia kulikuwa na sehemu za kulima karibu na miji. Kiutendaji sehemu nyingi hazikutosha au hazikuwepo. Havana kulikuwa na eneo likiitwa Los Fosos, watu wamerundikana, ndui na kuhara vinapita kila siku.

#23 Kanali Mstaafu wa Keyboard

Sasa ngoja nimtetee maana hakuna wakili hapa. Vita mnaisahau. Máximo Gómez, kamanda wa wapigania uhuru, Julai 1895 alikwisha kupiga marufuku kupeleka mazao mijini, na Novemba mwaka huohuo akaamuru mashamba ya miwa yachomwe. Mkulima wa Cuba alishabanwa kabla Weyler hajashuka melini Februari 1896. Nusu ya wale wa mijini walikuwa wamekimbia moto wa Gómez.

Pili, wazo halikuwa lake. Martínez Campos, gavana aliyemtangulia, Julai 1895 alimwandikia Waziri Mkuu Cánovas kwamba njia pekee ni kuwakusanya watu wa vijijini mijini, kwamba njaa na mateso yatakuwa ya kutisha, kwamba yeye mwenyewe hawezi, na kwamba mwenye uwezo huo ni Weyler. Kwa hiyo serikali ilijua, Campos alijua, kila mtu alijua. Walikuwa wanatafuta mtu wa kushika kisu.

#24 dada_takwimu

Kanali leo umenikuna. Hiyo barua ya Campos kwangu ndiyo kiini cha uzi mzima. Ila unaitumia vibaya: haimsafishi Weyler. Inaonyesha tu kwamba maafa hayakuwa ajali. Mtu aliandika kabisa kwamba watakufa, mwaka mmoja na ushee kabla.

Hiyo "nusu" umeitoa wapi, nakuachia wewe.

#25 Kanali Mstaafu wa Keyboard

Nusu ni lugha ya mazungumzo. Soma "wengi".

#26 Mtu wa Othaya

Sasa walikufa wangapi? Nimeona mahali 400,000.

#27 dada_takwimu

Laki 4 ni namba ya magazeti na ya hasira. Tunacho hiki: sensa ya 1887 Cuba ina watu 1,631,687. Sensa ya 1899, iliyofanywa na Wamarekani, watu 1,572,797. Pungufu ni 58,890. Lakini usiishie hapo kama wanavyofanya watetezi wa Weyler, maana katika miaka 12 watu walitakiwa waongezeke, na vilevile kuna waliohama na waliokufa vitani. Watafiti wa karibuni wengi wanaangukia kati ya 150,000 na 170,000. Yaani mmoja katika kila kumi. Chukua mtaa wako uanze kuhesabu milango.

#28 Daktari wa Mbwa

Mnaongelea amri na majenerali, mnasahau mbu. Hispania ilipeleka Cuba askari karibu laki 2, na waliokufa kwa maradhi, homa ya manjano ikiongoza, ni zaidi ya 40,000. Waliouawa kwa risasi na mapanga hawakufika hata robo ya hao. Daktari wa Cuba, Carlos Finlay, alishasema tangu 1881 kwamba homa ya manjano inabebwa na mbu, wakamcheka. Sasa rundika wakulima wenye njaa pamoja na jeshi linaloharisha kwenye mji mmoja wenye maji machafu. Hata angekuwa malaika wangekufa.

#29 binti_mwera

Angekuwa malaika asingewarundika, daktari.

#30 Mzee wa Faili

Hamjamtaja Antonio Maceo hata mara moja na humu tumejaa Waafrika. Aibu. Jenerali wa Cuba, mwenye damu ya Kiafrika, wenyewe wanamwita Titani wa Shaba. Weyler alimfungia mkoa wa Pinar del Río kwa mstari wa ngome na seng'enge kutoka Mariel kaskazini hadi Majana kusini, bahari hadi bahari, kilomita kama 30 na kidogo. Maceo akafanya nini? Usiku wa 4 Desemba 1896 akapita na kimtumbwi kwenye ghuba ya Mariel, ukingoni kabisa mwa huo mstari. Siku 3 baadaye akauawa San Pedro, na kijana wa Gómez, Panchito, akafa kwenye mwili wake.

#31 mtoto wa songea

Na Wacuba wengine walipelekwa Fernando Poo, Bioko ya leo, Guinea ya Ikweta. Hispania ilikifanya kile kisiwa jela ya wafungwa wake wa kisiasa, tangu 1869 na tena wakati wa Weyler. Halafu 1965 Wacuba wakapita Kigoma kuingia Kongo, Che Guevara akijiita Tatu.

#32 Pweza Mkavu

Tatu? Moja na Mbili walikuwa nani?

#33 mtoto wa songea

Walikuwepo kweli, Moja na Mbili. Moja alikuwa Dreke, kamanda Mcuba. Hiyo sikutanii.

#34 Mwalimu wa Zamu

Kumalizia safari yake, maana Baharia aliishia Cuba. Agosti 1897 Cánovas akauawa na mwanaharakati wa Kiitalia. Serikali mpya ya Sagasta ikamwita Weyler nyumbani Oktoba. Februari 1898 meli ya kivita ya Marekani, Maine, ikalipuka bandarini Havana, vita, na kufikia Desemba Hispania imepoteza Cuba, Puerto Rico, Guam na Ufilipino.

Yeye? Akawa Waziri wa Vita zaidi ya mara moja. Akaandika vitabu vizito kujitetea kuhusu uongozi wake Cuba. 1920 akapewa udyuki, cheo cha juu cha kikabaila. 1926, akiwa na miaka 87, akahusishwa na njama ya kumpindua dikteta Primo de Rivera, akashtakiwa, akaachiwa. Kafa kitandani 1930, miaka 92.

Na wale waliomwita mchinjaji: Desemba 1901 Jenerali Bell wa Marekani alitoa amri Batangas, Ufilipino, wanavijiji waingie maeneo maalumu, chakula cha nje kiharibiwe. Miaka 3 na ushee tu baada ya kwenda vitani kwa sababu ya Cuba.

#35 Kanali Mstaafu wa Keyboard

Sherman 👆

#36 Mwalimu wa Zamu

Sijakujibu.

#37 Baharia wa Chumbageni

Wakuu mmenifaidisha. Kwa hiyo mpaka hapa nina Valmaseda, Campos, Sherman wa Kanali, mbu wa daktari, na Gómez. Mpishi nimemsomea yote, anasema kwao Batangas ni jirani na Calamba, bibi yake mzaa babu alikuwa anawachanganya Wahispania na Wamarekani kwenye hadithi moja, na watoto wakimsahihisha anakasirika.

#38 binti_mwera

Baharia swali moja la pembeni. Hiyo barraquito nimeitafuta mtandaoni, wanasema inatiwa likwa, pombe tamu. Wewe si mtu wa Tanga, mtoto wa madrasa?

#39 Baharia wa Chumbageni

Nilisema bila. Kijana wa pale aliniuliza mara mbili.